Jumamosi Rombo, chungu hakiharakishwi

Soko la Loitokitok huwa Jumanne na Jumamosi, na hilo la Jumamosi ndilo linaloamua familia nyingi za Rombo zitakula nini usiku huo. Kufikia adhuhuri akina mama huwa wameanza kuteremka kuelekea Illasit na kwingineko, wengine kwa bodaboda, wengine ndani ya matatu, viondo vimebanwa magotini. Ndani mna vichane vya ndizi mbichi vilivyovushwa mpaka kutoka Tarakea, Tanzania, gorogoro ya maharagwe, mifupa ya ng'ombe iliyofungwa kwa gazeti, fungu la dhania na bonge la magadi. Vitunguu na nyanya huwa hawakununua. Hivyo viko shambani.

Rombo ninayoizungumzia ni ya Kenya, wadi iliyo pembeni kabisa mwa Kajiado Kusini, kwenye barabara itokayo Loitokitok kwenda Taveta. Ng'ambo ya mpaka iko Rombo nyingine, wilaya ya Mkoa wa Kilimanjaro nchini Tanzania, ambako Wachagga hulima migomba kwenye vihamba vyao. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa Ulaya wakaligawana eneo hili, na mstari walioupiga ukapinda kuuzunguka mlima. Mawenzi, kilele cha mita 5,149, huonekana toka pande zote mbili. Mvua inayonyesha kwenye msitu wa mlima huzama ardhini, ikaja kutokeza huku chini kama chemchemi, na chemchemi hizo ndizo zinazojaza mifereji ya mashamba ya Rombo na Kimana. Ndiyo maana katika kaunti ambayo watu wengi huijua kwa vumbi na mifugo, hapa utakuta mahindi, maharagwe, nyanya, vitunguu na migomba ikisimama kando ya maji.

Watu nao walikuja wakifuata maji hayo. Wamaasai waliwapokea Wakamba waliotoka upande wa Makueni, Wakikuyu waliokuja kutafuta shamba, Wachagga waliooa ama kuolewa upande huu. Ukiwa na majirani wa namna hiyo, na watoto wenu wakaoana, mapishi hayawezi kubaki ya kabila moja. Mwenye kutaka kuijua Rombo asianzie kwenye mikutano ya wanasiasa. Aanzie jikoni Jumamosi, saa tisa alasiri.

Nasema Jumamosi kwa makusudi. Siku za kazi chakula cha jioni hapa ni kama kwingine kokote Kenya: ugali na sukuma wiki, au wali na maharagwe yaliyochemshwa juzi. Mama ametoka shambani, watoto wana kazi za shule, na sufuria haina budi kuteremka upesi. Wikendi hali hubadilika, wala si kwa sababu kuna pesa zaidi. Kinachopatikana wikendi ni saa. Vyakula ambavyo watu wa Rombo huvipenda kweli, vile wanavyovitaja wakiwa mbali na nyumbani, vyote vinataka muda mrefu juu ya moto, na mtu wa kukaa karibu.

Chukua machalari, ndizi zinazopikwa na nyama. Mpishi anayejua kazi yake huanza na mikono. Hujipaka mafuta ya kupikia viganjani kabla ya kushika kisu, kwa kuwa utomvu wa ndizi mbichi ukikutana na ngozi kavu huacha weusi wa siku mbili tatu. Huchana ganda kwa urefu, akalibandua kwa kidole gumba, na kila ndizi iliyomenywa huizamisha papo hapo kwenye maji yenye ndimu isije ikageuka rangi. Wakati huo nyama ya mbavu na mifupa viko mekoni kwa muda wa saa nzima, vimechemka na chumvi na kitunguu kizima, bila tone la mafuta, kwa sababu mafuta yatatoka kwenye mifupa yenyewe.

Ndizi haziingii mpaka nyama ianze kuachana na mfupa. Zinapangwa juu, si kurushwa tu, kisha nyanya zilizokatwa, vitunguu, karoti na hoho. Kuna wanaofunika kwanza kwa jani la mgomba lililopashwa moto likalegea, ndipo mfuniko ukafuata. Baada ya hapo mwiko hauna kazi tena. Ukikoroga, ndizi zinakatikakatika na chungu chote kinakuwa uji. Mpishi hushika ukingo wa sufuria kwa matambara mawili, akaitikisa mara moja huku, mara moja kule, akairudisha motoni. Nimewatazama wapishi wengi wakifanya hivyo, na anayetikisa vizuri hujulikana kwa sauti: ndizi zinageukiana ndani bila kugonga.

Mtori ni ndugu wa machalari, ila wenyewe unataka kupondwa. Ndizi za mshale ndizo zinazosifiwa kwa kazi hiyo. Huchemshwa na nyama mpaka zikalainika kabisa, zikapondwa kwa mwiko hadi zikawa supu nzito, na mwisho huongezwa samli au maziwa kidogo. Kwa Wachagga hiki ni chakula cha mzazi aliyejifungua, cha kumrudishia nguvu na kuleta maziwa. Huku Rombo ya Kenya umeenea zaidi ya hapo. Utaukuta kwenye nyumba ya Mkamba ambayo haina mzazi yeyote, kwa sababu tu babu hana meno na Jumamosi ndiyo siku ambayo wajukuu wote wako mezani naye.

Hapa nina neno la kusema, na wapo watakaonipinga. Kiungo cha pakiti hakina kazi yoyote katika machalari wala mtori. Kimeingia kila jiko, kinauzwa kwa bei ya peremende, na mtu aliyezoea ladha yake huona chakula kisicho nacho kimepooza. Lakini mifupa iliyochemka kwa saa mbili ina ladha yake yenyewe, na pakiti huizima. Ukitia kiungo hicho kwenye mchuzi wa mboga wa Jumanne, sawa. Jumamosi, uache mfupa useme.

Ukiziacha nyumba za kando ya mifereji ukashuka kwenye maboma ya tambarare, chakula cha kujivunia kinabadilika. Utamsalimu mama mwenye boma, "Takwenya," naye ataitikia, "Iko." Watoto watainamisha vichwa uwaguse utosini. Kisha, ikiwa ni Jumamosi na ng'ombe wanakamuliwa, kuna uwezekano mkubwa chajio ni loshoro.

Loshoro ni mahindi na maziwa yaliyoganda, hakuna kingine. Mahindi hukobolewa, yakachemshwa mpaka punje ikipondwa kwa vidole isiache kiini kigumu, kisha huchujwa maji, yakapondwapondwa, na maziwa yakamiminwa juu yakachanganywa. Nyumba nyingine siku hizi hutumia mchele, na watoto huupenda. Chakula chenyewe ni chepesi kukieleza na kigumu kukipata kwa ubora wake, kwa sababu ubora wote uko kwenye maziwa, na maziwa nayo yanategemea kibuyu.

Kibuyu cha maziwa huandaliwa siku kadhaa kabla. Kijiti cha oloirien, mzeituni wa mwituni, huchomwa mpaka ncha yake iwe kaa jekundu. Hutumbukizwa ndani ya kibuyu kilichooshwa kikakauka, kikasuguliwa ukutani kwa kuzungushwa, moshi ukijaa ndani na mama akiwa ameziba mdomo wa kibuyu kwa kiganja. Halafu masizi hupanguswa kwa ufagio mdogo wenye nyuzi ngumu, na maziwa mabichi humiminwa. Moshi ule huyalinda maziwa yasiharibike na huyapa harufu ambayo mtu aliyeyanywa utotoni haisahau. Kokoo, yaani bibi, mwenye boma hukijua kibuyu kilichopata moshi wa kutosha kwa kukinusa tu, na msichana anayejifunza hunusishwa mpaka naye ajue.

Lakini maziwa yamepungua, na hili halisemeki kwa upole. Kuanzia mwishoni mwa 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika sehemu kubwa ya nchi kame za Kenya, Kajiado ikiwemo, na mizoga ya ng'ombe ilikuwa imelala kando ya barabara. Boma lililokuwa na ng'ombe arobaini likabaki na sita. Kabla ya hapo malisho yenyewe yalikuwa yakipungua: ranchi za jamii zilizoundwa kwa sheria ya mwaka 1968, Rombo ikiwa mojawapo, zilikuwa ardhi ya pamoja, na tangu miaka ya 1980 nyingi katika Kajiado zimekuwa zikigawanywa kuwa vipande vya watu binafsi. Uzio ukaingia. Ng'ombe aliyekuwa akitembea mpaka majani yalipo sasa anasimama kwenye waya. Kwa hiyo leo loshoro ya nyumba nyingi hutengenezwa kwa maziwa mala ya dukani. Inashibisha, wala hakuna aibu ndani yake. Ila harufu ya oloirien haimo, na watoto waliozaliwa mjini hawajui kwamba imekosekana.

Nyama ina taratibu zake. Mila ya Kimaasai haikuruhusu maziwa na nyama kukutana tumboni siku moja, na katika nyumba yenye mzee anayezishika mila, mbuzi akichinjwa Jumamosi maziwa hungoja Jumapili. Mifupa na kichwa hutengenezewa supu, na ndani ya supu hutiwa magome ya mti wa olkiloriti, yanayoipa rangi ya chai na uchungu kidogo. Wanaume husema inasaidia tumbo kusaga nyama nyingi. Mbavu na paja huchomwa kwa makaa, chumvi tu, na hapo Rombo haina la kufundishwa na mtu yeyote.

Kuku, kwa upande mwingine, ni mgeni. Wazee wa Kimaasai hawakula kuku wala samaki, na wako hata leo wasiotaka kumwona sahanini. Hata hivyo tembea Rombo Jumapili baada ya ibada utasikia harufu ya kuku wa kienyeji kwenye maboma yale yale. Wake walioolewa kutoka nje walikuja naye, na wachungaji na mapadri wanaokaribishwa chakula wakamthibitisha. Kuku huyo hapikwi kwa haraka. Akishanyonyolewa hupitishwa juu ya moto wa kuni kuchoma vinyweleo, akakatwakatwa, akachemshwa na tangawizi na kitunguu saumu mpaka maji yakauke, na ndipo mafuta na nyanya vinapoingia. Jogoo aliyekomaa huweza kukaa motoni saa mbili. Anayeharakisha hutafuna mpira.

Wakamba nao wameleta muthokoi. Mahindi makavu huloweshwa kidogo, yakatwangwa kwenye kinu mpaka ganda la juu likatoka, yakapepetwa na kuanikwa. Yakipikwa na maharagwe au mbaazi huwa laini kuliko githeri ya kawaida, na mtu mwenye tumbo dhaifu huyala bila wasiwasi. Nimeona mama wa Kimaasai akilinganisha muthokoi wake na wa jirani yake Mkamba kwa umakini mkubwa, akishika punje moja moja kutazama kama kuna ganda lililosalia. Hayo ni mashindano mazuri.

Mahindi na maharagwe makavu ndivyo vinavyomaliza kuni, na hapa ndipo magadi yanapoingia. Magadi ya Kajiado hayatoki mbali. Ziwa Magadi liko magharibi mwa kaunti hii hii, na kampuni imekuwa ikiyachimba huko tangu 1911. Kipande kidogo kikiingia chunguni maharagwe hulainika upesi. Lakini wapishi wengi huzidisha, na nawaomba wasinikasirikie: magadi mengi hugeuza mchuzi kuwa na ladha ya sabuni, na yanaharibu vitamini B1 iliyomo kwenye nafaka. Njia iliyo salama ni ya Ijumaa usiku. Osha maharagwe, yaloweke kwenye maji mengi, lala. Asubuhi mwaga maji hayo, weka mapya, bandika. Utaokoa kuni, utaokoa muda, na magadi utayabakiza kwa mboga za kienyeji, ambako chembe moja inatosha.

Kwa Wasabato chungu huanza na kumalizika Ijumaa kabla jua halijatua, na Jumamosi ni kula tu. Nimekula kiporo cha githeri katika nyumba kama hiyo, kilichokaa usiku mzima kwenye kapu lililojazwa nguo kuukuu, kikiwa bado na vuguvugu, na punje zote zimefumuka sawasawa. Kapu lile halikugharimu chochote.

Nyanya zinastahili kutajwa peke yake. Masanduku ya nyanya za Kimana, Loitokitok na Rombo hupanda malori kwenda Nairobi na Mombasa, na ndizo zilizojenga nyumba nyingi za mabati mapya unazoziona kando ya barabara. Ni zao la mateso. Mdudu Tuta absoluta aliingia Kenya mwaka 2014 na tangu hapo mkulima hulala akiwaza dawa. Bei nayo hupanda na kushuka ndani ya wiki moja. Inapoanguka, madalali hawaji, na nyanya hubaki shambani zikiiva kwa makundi. Wiki ya namna hiyo ni ya hasara kubwa, sitaki kuipamba. Hata hivyo ndiyo wiki ambayo familia ya mkulima hula nyanya bora kabisa, zile za daraja la kwanza ambazo kwa kawaida haizionji, kwa sababu kwa kawaida nyumbani hubaki zilizopasuka na zilizobanwa.

Mpishi huzimenya kwa kuzimwagia maji ya moto, akazipika juu ya moto mdogo bila kuongeza maji mpaka zikawa rojo zito lililokoza wekundu, na mafuta yakaanza kujitenga pembeni. Rojo hilo hupikiwa matumbo, au mayai, au ndengu. Matumbo huchemshwa mara mbili, maji ya kwanza yakimwagwa, kabla ya kuingizwa humo. Na pilau ya Jumapili hutegemea vitunguu vya hapa hapa vilivyokaangwa taratibu mpaka vikawa rangi ya kahawia iliyokolea, bila kuungua. Asiye na subira ya dakika ishirini kwenye vitunguu hana pilau, ana wali wa viungo.

Sasa twende Kitengela, kwa sababu sehemu ya Rombo imehamia huko. Mamlaka ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje, EPZ, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1990, na viwanda vya nguo vilivyofunguliwa Athi River viliwavuta vijana kutoka kila pembe. Kitengela, iliyokuwa kituo cha wafugaji kwenye barabara ya Namanga, ikawa mahali pa kulala kwa wafanyakazi hao. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 150,000 mjini humo. Mfanyakazi wa kushona nguo hurudi nyumbani usiku siku sita kwa wiki. Jumapili ndiyo siku yake ya kupika.

Na mara nyingi hupika kilichotoka nyumbani. Matatu za Loitokitok hushuka kama kilomita mia moja hadi Emali, zikaingia barabara kuu ya Mombasa, na kabla ya kufika Nairobi hupita Athi River, ambako mtu wa Kitengela huwa amesimama akingoja mzigo. Gunia la nusu, limeandikwa jina na nambari ya simu kwa kalamu nzito: ndizi, maharagwe mapya, vitunguu, pengine chupa ya maziwa iliyofungwa mara tatu. Mama amepiga simu asubuhi kusema nani amebeba. Mzigo huo unamfanya kijana wa chumba kimoja chenye mtungi wa gesi wa kilo sita awe na chajio cha Rombo Jumapili, akawaalika wenzake wa zamu.

Ila Kitengela ina chakula chake cha wikendi, na hicho ni chapati. Vyumba vya kupanga havina nafasi ya kuchomea mbuzi, na nyama choma mtu huenda kuila kwenye mabucha ya barabarani, mji huu ukiwa jirani wa kichinjio cha Kenya Meat Commission kilichoko Athi River tangu 1950. Nyumbani ni chapati. Unga wa ngano kilo mbili, chumvi, sukari kidogo, maji ya uvuguvugu, mafuta. Mkandaji hukanda mpaka unga uache kushika beseni, akaufunika kwa nusu saa. Halafu hukata vibonge, akavisukuma, akapaka mafuta juu, akakunja kwa kuzungusha mpaka kikawa duara, akakiacha tena. Kupumzishwa huku kwa mara ya pili ndiko wengi wanakokuruka, na ndiko kunakotenganisha chapati yenye matabaka na chapati ya kurushia mbwa. Wako wanaosaga karoti ndani, wako wanaopondea boga, na rangi yake huwa ya kupendeza. Ndengu au nyama ya kukausha huingia kando.

Na jambo la kufurahisha: kwenye ploti za Kitengela utawakuta wavulana wakisukuma chapati. Wamejifunza kwa sababu wanaishi peke yao, hakuna dada wa kuwapikia. Wakirudi Rombo Krismasi, baadhi yao huendelea, na mama hukaa kitako kwa mara ya kwanza mwaka mzima.

Hili ndilo linalonisumbua kuhusu mlo mzuri wa wikendi. Saa hizo nilizozisifu ni za mtu. Mama wa Rombo aliyepalilia vitunguu Jumatatu hadi Ijumaa, Jumamosi huteka maji, huenda sokoni, humenya ndizi, hukoboa mahindi, huwasha moto, na wageni wakifika huwakaribisha akiwa bado na moshi machoni. Anapochoka, anaiacha kazi ndefu na kubandika wali. Nani atamlaumu? Ikiwa machalari na loshoro vinapungua mezani, sababu ya kwanza ni kwamba tumemwachia mtu mmoja kazi ya watu wanne. Mwanamume anayeweza kuchinja mbuzi na kumchuna kwa ustadi anaweza kabisa kumenya ndizi. Mafuta ya kupaka viganjani yapo.

Sababu ya pili ni kwamba hakuna aliyeandika mapishi haya, ingawa kuandika kunawezekana. Mwaka 2007 Kenya ilianza juhudi za kuvilinda vyakula vya kiasili. Wataalamu, wakishirikiana na jamii, waliorodhesha mimea ya kienyeji ipatayo 850 pamoja na majina yake katika lugha za watu. Baadaye shule za msingi zilishirikishwa, wanafunzi wakikusanya habari za vyakula kutoka kwa wazee wao. Desemba 2021 UNESCO iliuweka mradi huo kwenye rejista yake ya mifano bora ya kulinda turathi. Ni heshima kubwa, na kazi yenyewe haikuhitaji mitambo. Ilihitaji watoto wenye daftari na bibi walio tayari kusema.

Rombo ina vyote viwili. Ina bibi Mchagga anayejua ndizi ipi ya mtori na ipi ya kuchoma, kokoo anayekinusa kibuyu akajua kama kimetosha, mama Mkamba mwenye kinu, na wote wanaishi ndani ya umbali wa kutembea kwa miguu. Mahali pengi Kenya ungelazimika kusafiri siku nzima kuwakusanya watu hao. Naomba walimu wa Rombo, Illasit na Loitokitok wafanye jambo moja muhula huu: Ijumaa moja wawape wanafunzi wao kazi ya nyumbani, wavulana kwa wasichana, ya kukaa jikoni Jumamosi tangu moto unapowashwa hadi chakula kinapopakuliwa, washike kisu, washike mwiko, kisha waandike kila hatua na kila jina la kitu kama lilivyotamkwa na mpishi. Jumatatu madaftari yakusanywe, yasomwe darasani, na yasitupwe. Wazazi nao wasisubiri mwalimu. Jumamosi hii inatosha kuanza.